Rezista ya Katikati

Siku nyingi sijaandika hapa, niwieni radhi, kazi ni nyingi. Leo tuache programu kidogo. Juzi usiku binamu yangu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alinipigia simu akisema saketi zimemshinda na anataka kubadilisha kozi. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana mimi mwenyewe nilirudia mtihani wa somo hilo hilo.

Sote huanza vizuri. Rezista zikiwa kwenye mfululizo, unajumlisha. Zikiwa sambamba, ukinzani hupungua, kama foleni ya benki wakifungua dirisha la pili. Shida ni kuamini macho. Rezista mbili kuchorwa kando kwa kando si kusema ziko sambamba. Ni mpaka ncha zote mbili zikutane. Nikamwambia: achana na mchoro, zipe nodi herufi, andika kila rezista iko kati ya herufi gani na gani, kisha chora upya. (Sisi wa programu tunaita hiyo grafu, lakini tusijisifu.)

Akanisomea swali lake, nikalitambua mara moja. Daraja la Wheatstone! Betri ya volti 21 kati ya A na D. A-B omu 20, A-C 30, B-D 20, C-D 15, na katikati, B-C, 50. Tafuta utakavyo, hakuna mbili zilizo kwenye mfululizo wala sambamba.

Kwenye mtihani wangu niliifuta ile ya katikati, kana kwamba haipo. Hiyo inaruhusiwa tu daraja likilingana, yaani 20 kwa 20 iwe sawa na 30 kwa 15, na wapi! Hapa ungepata omu 21.18 badala ya 21. Karibu sana, sivyo? Lakini mimi niliulizwa mkondo unaopita katikati, nami katikati nimeshafuta. Sifuri.

Dawa yake aliichapisha Arthur Kennelly mwaka 1899: geuza pembetatu A-B-C iwe nyota. Kila mguu wa nyota ni zao la rezista mbili zinazokutana kwenye kona hiyo, ugawe kwa jumla ya zote tatu, ambayo hapa ni 100. Mguu wa A unakuwa 6, wa B 10, wa C 15. Sasa 10 na 20 ni 30, 15 na 15 ni 30, zikiwa sambamba ni 15, ongeza 6: omu 21. Ampea 1 inatoka kwenye betri, nusu huku nusu kule. Ukipima kutoka D, B ina volti 10 na C 7.5. Tofauti...

Hapo akanikatiza. "Ngoja kwanza kaka, hiyo nimalizie mwenyewe." Akakata simu.

Saa saba usiku ukaingia ujumbe: "0.05, kutoka B kwenda C." Mambo ya kubadilisha kozi hajayataja tena, nami sijamuuliza.