Chupa ya kaka

Jamani, bia nayo huzeeka! Kaka alipokuja likizo kutoka Ubelgiji aliniletea chupa mbili za Orval, bia ya watawa. Moja tuliimaliza siku hiyohiyo: chungu, inanukia maua ya hopsi. Ya pili akasema, "Dogo, itunze, nikirudi tunywe." Nikaisimamisha kabatini, gizani. Arusha kuna kibaridi, na joto ndilo adui wa bia.

Miaka mitatu ikakatika. Juzi akapiga simu: "Usinisubiri, nimeshaoa huku."

Nikaifungua peke yangu. Hamira iliyomo chupani ilikuwa imeendelea kula sukari. Utamu kwisha, hopsi zimefifia, povu tele, harufu kama ya ngozi. Nzuri vilevile, lakini siyo ile.

Mwenzenu nikambakizia kaka glasi moja. Asubuhi nikaimwaga.