Huzuni Ilayo Dawa

Wako watu wasemao ya kwamba mgonjwa akiisha kupewa dawa, kazi imekwisha. Mimi ni mwalimu, na kila siku naona ya kuwa kumpa mtoto kitabu si kumpa elimu. Kitabu hukaa mkobani mpaka moyo wa mtoto uamke. Na dawa ni vivyo hivyo.

Hapa kwetu Kagera maradhi ya UKIMWI yalijulikana mapema kuliko mahali pengi. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walionekana huku mwaka 1983. Wazee wanazikumbuka nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tu. Mwaka 2004 Serikali ilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi. Leo mtu azimezaye kila siku huweza kuishi miaka mingi kama wenzake. Na virusi vikipungua damuni hata kipimo kisivione, hamwambukizi mwenziwe kwa kulala naye.

Kaka yangu, fundi seremala, alipewa dawa hizo, lakini kila alipopimwa virusi vilikuwa vimezidi. Kituoni aliambiwa kwa ukali kwamba ni mkaidi, hakujibu neno. Nyumbani aliacha randa yake ikashika kutu, usiku halali, wala chakula hakimvuti. Wengine walisema ni mvivu, wengine amerogwa. Hatimaye muuguzi mmoja alimwuliza swali jingine: "Katika majuma haya mawili, liko jambo lo lote lililokufurahisha?" Kaka akalia. Akasema, "Dada, dawa zimo kabatini zote. Sioni sababu ya kuzimeza."

Ugonjwa wake wa pili huitwa sonona. Si uvivu, si ukaidi, wala si upungufu wa imani. Huwapata wenye virusi vya UKIMWI kuliko watu wengine. Huondoa usingizi, huvuruga kumbukumbu, na humfanya mtu asiione kesho. Basi mtu asiyeiona kesho, atamezea nini dawa leo? Akizirukaruka, virusi huzaana, na vingine hupata nguvu ya kuishinda dawa yenyewe. Mwili ukidhoofika, huzuni nayo huzidi. Ndivyo magonjwa haya mawili yanavyolishana.

Majirani zetu wa Uganda wametuonyesha njia. Daktari Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake walikwenda Gulu, Kitgum na Pader, nchi iliyoumizwa na vita. Katika vituo 30 walipata watu wazima 1,140 wenye virusi na sonona pamoja. Upande mmoja walifundishwa habari za afya. Upande wa pili walikaa vikundini, wanaume peke yao na wanawake peke yao, mara 8, wakitua mizigo ya mioyo, wakijifunza kuistahimili, na kufundishwa njia za kujipatia riziki. Viongozi wao hawakuwa mabingwa, bali wahudumu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo. Habari zilizochapishwa mwaka 2020 zasema kwamba baada ya miezi 6, wenye sonona upande wa kwanza walikuwa 160, na upande wa pili 2 tu.

Kaka alitibiwa kwa mazungumzo na kwa dawa ya sonona. Haikuwa kazi ya siku moja. Miezi ilipita kabla hajaishika randa tena, na kipimo chake cha mwisho hakikuona virusi. Ziko siku bado hukaa kimya. Siku hizo mkewe humpelekea maji na vidonge, wala hamwulizi maneno mengi.

Twasema, "Mficha maradhi kilio humfichua." Ni kweli, lakini nani atafichua ugonjwa wake mbele ya watu watakaomtukana? Kwa hiyo, ndugu wasomaji, ukimwona mwenzio ameacha kazi aliyoipenda, usimpe jina la mvivu. Keti naye, mwulize habari za moyo wake, umsindikize hospitali. Nanyi mnaogawa dawa, kabla ya kuhesabu vidonge vilivyobaki, mwulizeni mgonjwa jinsi anavyolala usiku.