Enda Ocha Julai

Kila Julai, Nairobi ikishafunikwa na lile wingu la kijivu, simu zetu hujaa video za mashambani Uingereza. Nyumba ya mawe, moshi unatoka kwa dohani, mtu na soksi za sufu ameshika kikombe. Chini yake wasee wameandika "nipelekeni huko." Ni tamu, sikatai. Ila ile nyumba mnayoililia kuliko zote, ya Kate Winslet kwenye The Holiday ya 2006, haikuwa nyumba. Ilisimamishwa karibu na kijiji cha Shere, Surrey, wakapiga zile picha za nje, halafu ikabomolewa.

Mimi mapumziko yangu ya baridi nilipanda matatu hadi Nakuru, nikabadilisha ya kwenda Nyahururu, nikashuka Subukia kwa shosho. Ikweta inapita huku, kwa hivyo hatuna ile Disemba ya London ambapo jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Lakini Ikweta haikuokoi. Baridi ya huku ni ya mwinuko. Ukungu unashuka kutoka upande wa Nyahururu, mita 2,300 hivi juu ya bahari, na saa tatu asubuhi bado huoni ng'ombe wa jirani. Wazungu walilijua hilo. Kuanzia 1919 serikali ya kikoloni iligawia wanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia mashamba kwenye hizi nyanda za juu, na walipojenga nyumba, waliweka dohani.

Sisi tuliweka jipsamu. Miaka minne iliyopita familia ilichanga, shosho akapata nyumba ya mawe: vigae chini, dari ya jipsamu, ukuta wa tivii. Disemba ikifika tunajaa humo watu ishirini, mbuzi anachinjwa, shosho amevaa ile leso mpya, picha zinaenda kwa statasi.

Sasa nimefika Julai, saa moja usiku, nyumba imefungwa kufuli. Shosho yuko kwa jikoni ya mbao, ile ya zamani, na kitanda chake kiko humo, hatua mbili kutoka kwa mafiga. Anakohoa. Mimi nimepewa jina la guka, kwa hivyo huniita mzee wake.

"Mzee wangu, ile nyumba ni baridi kama mochari," akaniambia. "Hiyo ni ya Krismasi."

Kuingiza jiko la makaa huko ndani amekataa, na yuko sawa. Chumba kikifungwa, ile hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, unalala na huamki. Kila msimu wa baridi tunasikia hizo habari. So anachagua moshi, kwa sababu moshi angalau anauona. Kuni zenyewe zimenyeshewa. Saa kumi na moja asubuhi anatia vidole kwa maji moto ndio vikunjike, halafu anaenda kukama. Ng'ombe ni mmoja sasa. Mwingine aliuzwa Mei, na kwetu Nairobi hakuna aliyekuwa na hiyo habari.

Niandike, amekubali. Picha alikataa. Akasema nikitaka kupiga, nipige ile nyumba kubwa.

Nikarudi na hoja moja kwa grupu ya familia: tumjengee jikoni jiko la kuni lenye bomba la kutoa moshi, na tuzibe zile nyufa za mbao. Aunty mmoja akajibu kwamba hatuwezi kuweka pesa kwa mahali ambapo watu wataona shosho analala jikoni. Mwingine akauliza kwani kabro ya mbele ya geti itaisha lini, wageni wa Disemba wasikanyage matope.

Kabro iko elfu arobaini. Bomba liko elfu mbili mia tano, na elfu mbili ni zangu.