Dada Aliyechaguliwa na Kishikwambi

Likizo ya mwaka wa pili bumu lilishakata siku nyingi. Mimi na wenzangu wawili wa sosiolojia tukapata kibarua kwenye taasisi moja binafsi ya utafiti na kura za maoni. Jina silitaji, maana kosa lenyewe lilikuwa langu. Tulifundishwa siku tatu, tukapewa vishikwambi na barua ya kuonyesha serikali ya mtaa. Malipo ni kwa dodoso, si kwa siku. Hilo ulikumbuke.

Ukiiona kwa nje, kazi yenyewe ni kugonga mageti tu. Kumbe kila hatua ina sheria. Unahesabu nyumba, unaingia ile uliyoelekezwa, unaandika watu wazima wote wanaoishi pale, halafu kishikwambi ndicho kinachochagua nani ahojiwe. Si mwenye nyumba, si anayejua kuongea, si aliyekukaribisha chai. Ndiyo maana watu 1,200 tu wanaweza kusemea nchi nzima, kosa likabaki karibu asilimia 3 juu au chini. Ukichagua mwenyewe, hesabu hiyo imekufa.

Na nilikuwa nayajua haya! Semista ile ile nilijibu swali la mtihani kuhusu uchaguzi wa Marekani wa 1936. Jarida la Literary Digest lilituma kadi milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza Landon anashinda. Majina mengi lilikuwa limeyatoa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, enzi zile za mdororo wa uchumi. Taasisi changa ya George Gallup ilihoji watu wachache zaidi, ila wa kila hali, ikamtaja Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Nikapata A.

Sasa njoo Mbagala, saa nane mchana. Mama mwenye nyumba kanipokea vizuri: "Karibu mwanangu, jua kali hili." Nikaandika watu wazima: yeye, mumewe, na dada wa kazi, miaka 19, aliyekuwa anafua uani. Kishikwambi kikamchagua dada.

"Huyo?" Mama akacheka. "Mtoto wa watu huyo, anajua nini? Niulize mimi."

Nilitakiwa kukataa kwa heshima. Nikalitazama jua, nikahesabu madodoso yaliyobaki, nikasema haya mama. Hali ya maisha yako ikoje ukilinganisha na mwaka jana? "Afadhali," akasema. Nikabonyeza. Dada akapita na beseni la nguo, akaniamkia shikamoo, mimi niliyemzidi miaka mitatu. Nikaitikia, nikaendelea na swali la pili.

Kishikwambi kinarekodi vipande vya sauti. Tuliambiwa kwenye mafunzo, nikasahau. Kesho yake jioni msimamizi akapiga: "Huyu mhojiwa wako wa miaka 19, mbona anasema mwanawe wa kwanza yuko chuo?" Dodoso likafutwa, nikarudishwa.

Safari hii mama alifungua geti mwenyewe, mikono ina povu la sabuni. Dada kaondoka juzi, kwao kuna msiba, na haijulikani atarudi lini.

Msimamizi akaniruhusu nyumba ya badala. Nikampata mzee mstaafu wa bandari, akanieleza mambo ya nchi hii kwa saa nzima. Dodoso lake lilikubaliwa, na nililipwa.