Hodi kwa Wazee wa Katindo

Mgeni afikaye Goma hana haja ya kuuliza mji huu umejengwa juu ya nini. Miguu yake itamwambia. Mawe meusi ya mlima Nyiragongo yapo kila mahali: chini ya barabara, katika kuta za viwanja, hata chini ya vitanda vya watu. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima ule ulishuka mpaka Ziwa Kivu, ukapita katikati ya mji, ukateketeza maelfu ya nyumba pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Watu wakarudi, wakapasua mawe yale yale, wakajenga tena juu yake. Hiyo ndiyo sifa ya watu wa Goma, nasi twaitaja kwa fahari.

Katindo ni mtaa mmoja wa mji huo. Wengi hulijua jina lake kwa sababu ya kambi ya askari, lakini mtaa si kambi tu. Asubuhi utaona wanafunzi wenye mashati meupe, akina mama wenye bidoni za maji, pikipiki zisizohesabika, na vijana wakisukuma chukudu, lile gari lao la mbao lenye magurudumu mawili, likiwa limelemewa na makala na mbao. Mtu akitazama kwa haraka atasema: Huu ni mtaa wa vijana. Je, wazee wako wapi?

Swali hilo ndilo lililotupeleka Katindo. Tulifuatana na mama mmoja wa shirika, yaani ile jumuiya ndogo ya wakristo wa mtaa, ambaye desturi yake ni kuwatembelea wagonjwa. Alituambia: “Mkitaka kuwaona wazee, msiishie mbele ya nyumba. Ombeni kupelekwa nyuma.”

Tukafika kwenye nyumba ya mbao iliyoezekwa kwa mabati. Tukabisha hodi, tukakaribishwa vizuri na mke wa nyumba, tukapewa viti. Tulipouliza habari za mama mkwe wake, alijibu, “Yupo nyuma,” kisha akaanza kuzungumza habari nyingine. Mama wa shirika akasimama, akasema kwa upole, “Twende tumsalimu.”

Chumba kilikuwa kidogo, na dirisha lake limezibwa kwa gunia. Bibi alikuwa amelala akitazama ukuta. “Jambo, koko,” tukasema. Akageuka polepole. Kabla ya kutuuliza sisi ni akina nani, na sisi wageni, aliomba maji.

Yule mama mwenye nyumba akainamisha kichwa. Baadaye, tulipokuwa uani, alitueleza yote pasipo kuficha. Katika nchi hii ya mawe si rahisi kuchimba shimo refu, kwa hiyo vyoo vingi hujengwa juu, na mtu hupanda ngazi za mawe kuvifikia. Choo cha uani pale kilikuwa hivyo. Bibi hawezi kupanda peke yake. Lazima ashikwe, na pengine abebwe. Mume wa mama yule alikwenda mbali kutafuta kazi. Yeye mwenyewe huamka saa kumi za usiku kwenda kuuza vitu vyake kwenye soko la Virunga. “Nikimpa maji jioni,” alisema, “ataniamsha mara tatu usiku. Kwa hiyo saa tisa ikipita, simpi tena.” Kisha akaongeza, machozi yakimlengalenga: “Lakini simpigi. Sijampiga hata siku moja.”

Nasi tulimwamini. Ndiyo maana jambo hili lilituogopesha.

Wasomaji wapenzi, tukisikia habari za kuwatesa wazee, mara twafikiri fimbo na matusi. Na kweli fimbo zipo, tena mambo mabaya kuliko fimbo. Mwezi wa Septemba 2021, katika jimbo jirani la Kivu ya Kusini, wanawake 8 walioshtakiwa uchawi waliuawa na watu. Na ajuaye nchi zetu anajua ya kuwa mashtaka ya namna hiyo huwaangukia aghalabu wanawake wazee, wajane, wasio na mtetezi. Lakini kwa mzee mmoja anayepigwa, wako wengine wengi wasioguswa kabisa, wala kwa ubaya wala kwa wema. Hupunguziwa maji. Hupelekewa chakula kikiwa kimepoa. Watu husemezana juu ya kichwa chake kama vile yeye ni mzigo uliowekwa chumbani. Shirika la Afya Duniani limekadiria ya kuwa kila mwaka mtu 1 katika 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi hutendewa vibaya kwa njia moja au nyingine. Na kumnyima mtu huduma anayoihitaji huhesabiwa pia kuwa kumtendea vibaya.

Taabu za mji zikizidi, mzee ndiye wa kwanza kuzionja. Mwezi wa Mei 2021 mlima ulipowaka tena, sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama, watu wakaenda kwa miguu hata Sake na Rubavu. Mwisho wa Januari 2025 vita vilipoingia Goma, maji ya bomba na umeme vilikatika kwa siku kadhaa, watu wakaenda kuteka ziwani. Katika siku kama hizo kila mmoja hushika alichoweza kubeba. Asiyeweza kutembea hungoja akumbukwe.

Baadhi ya wenzetu husema: “Dawa ni kujenga nyumba za wazee kama zile za Ulaya.” Basi, natutazame za Ulaya. Mwezi wa Januari 2022 mwandishi Victor Castanet alitoa kitabu huko Ufaransa juu ya kampuni kubwa ya Orpea, yenye nyumba nyingi za wazee. Katika moja ya nyumba zake karibu na Paris, chumba kililipiwa zaidi ya euro 6,000 kwa mwezi. Hata hivyo kitabu kile kilieleza ya kuwa nepi za wazee zilihesabiwa, na chakula kilipimwa ili faida iongezeke. Wakaguzi wa serikali walipochunguza, nao walikuta makosa makubwa. Je, tofauti ni ipi kati ya nepi iliyohesabiwa kule na kikombe kilichozuiliwa Katindo? Kule walitafuta faida, na huku mama amechoka. Lakini mzee anayekaa na kiu hajui tofauti hiyo.

Tazameni tena Kanada. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia, nyumba za wazee za jimbo la Quebec zilifungwa, wageni wasiingie. Katika nyumba moja ya Dorval, karibu na mji wa Montréal, watumishi wengi walitoweka, wengine kwa kuugua, wengine kwa hofu. Wazee wakaachwa vitandani bila chakula, bila maji, bila kusafishwa. Tarehe 11 Aprili ilitangazwa ya kuwa 31 kati yao walikuwa wamekwisha kufa katika muda wa karibu mwezi mmoja. Watu wakastaajabu: Iliwezekanaje katika nchi tajiri namna ile? Iliwezekana kwa sababu waliobaki ndani walikuwa wachache mno, na aliyekuwa nje hakuweza kubisha hodi.

Hatusemi kwamba nyumba za wazee ni mbaya. Nairobi iko Nyumba ya Wazee inayotunzwa na Masista Wadogo wa Maskini, shirika lililoanzishwa na Mtakatifu Yohana Jugan huko Ufaransa mwaka 1839. Tangu mwanzo masista hao wameishi kwa sadaka, wakienda masokoni na madukani kuwaombea wazee wao. Aombaye namna hiyo hawezi kufunga mlango wake. Jirani aliyetoa kilo ya maharagwe jana atapita leo kuona yanaliwa na nani.

Hili ndilo tulilojifunza Katindo. Mzee halindwi na ukuta wa mbao wala wa vigae. Hulindwa na macho ya watu wanaoingia. Popote ambapo mlango haubishwi hodi, hata mtu mwema atajizoeza polepole kutenda neno ambalo angeona haya kulitenda mbele ya mgeni.

Sheria tunazo. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inampa mzee haki ya kulindwa kwa namna ipasayo mahitaji yake. Umoja wa Afrika nao ulipitisha mwaka 2016 mapatano juu ya haki za wazee. Ni mambo mema, na viongozi hawana budi kuyatimiza. Lakini sheria haina miguu ya kupanda ngazi za mawe usiku.

Baada ya majuma mawili tulirudi. Mama wa shirika hakuwa amemhukumu mtu. Alileta ndoo yenye kifuniko, akaiweka kando ya kitanda. Fundi mmoja wa mtaa alitoboa kiti cha zamani, kikawa choo cha usiku. Akina mama wawili walipatana kulala pale kwa zamu, usiku mmoja mmoja kila juma, ili mwenye nyumba apate usingizi. Na msichana wa jirani, akitoka shuleni, huingia kumpa koko maji na kumsomea daftari lake. Gunia la dirishani lilikuwa limeondolewa.

Tusidanganyane: taabu haikwisha. Mume hajarudi, soko ni lile lile, na miguu ya bibi haitapona. Lakini tuliposema, “Jambo, koko,” safari hii hakuomba maji. Alituuliza sisi ni akina nani, na watoto wa nani, kama wazee wote wanavyouliza.

Nanyi mnaosoma habari hizi, wakubwa kwa wadogo, Jumapili hii mkiamkiana na majirani, ulizeni nani yuko nyuma ya nyumba. Kisha ombeni ruhusa mkamsalimu. Msemeni naye mwenyewe, si na wanaomtunza tu. Tazameni kama kikombe kimo karibu na mkono wake, na kama kina maji. Tena mtazameni anayemtunza, maana huenda yeye pia amechoka na hana wa kumwambia. Amri ya kuwaheshimu baba na mama hatukupewa tungali watoto tu. Wazazi wanapokuwa hawana nguvu tena ya kutuamuru ndipo inapotupasa zaidi.