Mganda: ngoma ya mjini iliyohamia kijijini

Wapo vijana wa mjini ambao ukiwatajia ngoma ya asili tu, sura zinakunjamana. Vichwani mwao wanaona ngozi za wanyama, manyoya na wazee waliozunguka moto. Waambie kwamba ipo ngoma ya asili ambayo wachezaji wake huvaa shati jeupe lililopigwa pasi, kaptura na soksi ndefu, na mkubwa wao anaitwa Kapteni. Watasema unawazuga. Basi washikaji, mimi nimekwenda kuiona, na habari yake inatuhusu sisi wa mjini kuliko mnavyodhani.

Ngoma hiyo inaitwa mganda. Wenyewe ni watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wetu na upande wa Malawi, ambako huitwa pia malipenga. Kuifuata kutoka Dar inataka moyo. Basi la Songea linakula siku nzima na makalio yako juu. Unalala, kesho yake unashika gari la Mbinga, halafu barabara inaanza kuteremka milima kwa kona za kukufanya ukumbuke sala zote ulizofundishwa utotoni. Ghafla ziwa hilo hapo chini, la buluu mpaka macho yanapoishia. Mbamba Bay ni mji mdogo: bandari, mitumbwi, dagaa walioanikwa na watu wanaokusalimia hata kama hawakujui. Ugali wa muhogo kwa samaki aitwaye mbasa nitausimulia siku nyingine, maana nikianza hapa sitamaliza.

Mchezo wenyewe niliukuta kijiji cha jirani, Jumapili alasiri. Hawachezi kwa duara. Wanajipanga mistari kama askari wa gwaride, wanakwenda hatua fupi fupi, wanainama kidogo, wanageuka wote kwa pamoja kama wamefungwa kamba moja. Nyuma yao linadunda goma kubwa, na wachezaji wengine wana vibuyu vyenye tundu lililozibwa kwa utando mwembamba. Kibuyu hicho hakipulizwi kama filimbi, mtu anaimbia ndani yake na sauti inatoka inakwaruza kama tarumbeta. Ukifumba macho utaapa kuna bendi ya polisi. Akina mama nao wana ya kwao, kioda, na siku hiyo hawakukubali kuachwa nyuma.

Sasa hayo mambo ya kijeshi yalifikaje huko? Hapo ndipo hadithi inaporudi kwetu pwani.

Miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa waliona bendi za Wazungu zikipita na tarumbeta na ngoma kubwa. Hawakukaa kushangaa tu. Walianzisha vyama vyao vya mchezo, wakauita beni, kutokana na neno bendi. Walishona sare, wakapeana vyeo vya Kingi, Jenerali na Kapteni, na wanawake nao wakawa na vyeo vyao. Mtaa na mtaa walishindana kwa mavazi, kwa nyimbo za mafumbo na kwa karamu zilizowaacha watu na madeni.

Zamani za Mjerumani beni ikashamiri Tanga na Dar es Salaam. Hapo vikatawala vyama viwili: Marini, cha waliojiona watanashati wenye kazi nzuri, na Arinoti, cha vibarua na watu waliotoka bara. Fikiria Simba na Yanga kabla ya Simba na Yanga, maana Yanga ilianza mwaka 1935 na Simba 1936. Vita ya mwaka 1914 hadi 1918 ikazoa maelfu ya askari na wapagazi na kuwatupa huku na huko. Waliporudi makwao walirudi na beni. Ikafika Nyasaland, ikafika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ndiyo Zambia ya leo. Huko, wachimbaji walipogoma mwaka 1935 na watu 6 wakauawa kwa risasi Luanshya, tume ya serikali ilikitazama kwa jicho kali hata chama cha ngoma cha Mbeni. Mganda ni wa ukoo huo huo. Pale ziwani hapakuwa na tarumbeta za shaba, watu wakachukua vibuyu.

Na mjini je? Mjini tulichoka mapema. Kufikia miaka ya 1930 kijana wa Dar aliyejiheshimu alikwishaona beni ni ya wazee. Mtindo mpya ulikuwa dansi, gitaa na saksafoni. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na mwenye viatu vya kung'aa akaelekea huko. Leo ukiuliza Kariakoo Arinoti ni nini, labda utaambiwa ni dawa ya mbu.

Utaniambia, mbona matarumbeta bado yapo? Kweli yapo. Zanzibar beni bado inapigwa harusini, na Dar jamaa wanapanda nyuma ya pikapu na kuzunguka mtaani na bibi harusi mpaka foleni inasimama. Lakini hao tunawakodi. Wakimaliza wanalipwa, wanaondoka, hata majina yao hatuyajui.

Pale kijijini nilimwamkia babu mmoja aliyewahi kuwa Kapteni, nikamuuliza kwa nini wanahangaika na sare na vyeo mpaka leo. Akaniangalia kwa huruma. "Mjukuu wangu, siku ya kucheza ni moja moja tu. Siku za kufiwa, za kuuguliwa, za kulima, ni nyingi. Hawa unaowaona kwenye mstari ndio watakaonibeba."

Hapo nikaelewa. Vyama vya beni vilikuwa hivyo hivyo. Mtu aliyeshuka Dar kutoka bara bila ndugu alijiunga na chama, akapata wa kucheza naye, na akifa akapata wa kumzika. Tarumbeta lilikuwa la kuitia watu tu.

Sisi wa singeli tuna kelele za kutosha, tena kali, na mimi siku ya vumbi kutimka simo nyuma. Lakini jiulize, wale mliobanana nao Jumamosi iliyopita mpaka alfajiri, ni wangapi wanajua unapolala? Mtindo utapita kama beni ilivyopita, hilo lisikuumize kichwa. Watu wa ziwani waliokota tulichokitupa na wakabaki na mstari wa kuwabeba. Sisi tumebaki na pikapu ya kukodi.