Tshangalele, ziwa linalochuja shaba

Safari hii nataka kuwaongoza mahali ambapo wengi wenu hupita karibu napo bila kupaona. Atokaye Lubumbashi kwenda Likasi husafiri kilomita 120 hivi, na macho yake hushikwa na malori ya madini na magunia ya makala yaliyopangwa kando ya barabara. Akifika Kapolowe hununua samaki wakavu, hulipa, huendelea. Ni wachache wageukao upande wa kuume na kuuliza samaki hao wametoka wapi. Wametoka katika ziwa Tshangalele.

Ziwa hilo halikuumbwa pamoja na nchi. Mto Lufira waanzia kusini, upande wa mpaka wa Zambia, nao washuka kuelekea kaskazini. Zamani ulipita polepole katika bonde pana la nyasi, kisha ukatumbukia ghafula katika maporomoko ambayo Wabelgiji waliyaita kwa jina la Jules Cornet, mtaalamu wa miamba aliyezunguka Katanga katika miaka 1891 hadi 1893. Union Minière ilihitaji umeme kwa kusafisha shaba yake. Ikajenga pale, mahali paitwapo Mwadingusha, boma la kuzuia maji na mtambo wa umeme ulioanza kazi mwaka 1930. Maji yaendeshayo mtambo huo huanguka zaidi ya mita 100. Nyuma ya boma bonde likajaa maji, na hivyo ziwa likazaliwa. Likijaa sana, eneo lake hupita kilomita za mraba 400. Lakini wastani wa kina chake haufiki mita 3. Mahali pengi mvuvi hahitaji kasia: upondo wake wagusa tope.

Kwa sababu ya ufupi wa maji, ziwa hili ni nusu ziwa na nusu kinamasi. Mafunjo na matete yamelizunguka kama ukuta, na ndani ya ukuta huo kuna vichochoro vya maji ambavyo wavuvi wa Kapolowe-Mission huvijua kama sisi tujuavyo njia za mtaa wetu. Asubuhi, ukungu usipokwisha bado, huoni mtu. Wasikia tu upondo ukichovywa na kutolewa, na sauti za ndege elfu.

Kati ya ndege hao yuko mmoja ambaye yafaa nisimame kidogo kwa ajili yake. Ni mnana mdogo, dume lake la manjano lenye uso mweusi, naye hutundika kiota chake juu ya vichaka na matete yaliyosimama majini. Mtaalamu mmoja Mbelgiji, Jean-Claude Ruwet, alimpata hapa mwaka 1960. Wataalamu wenziwe walimchunguza kwa uvumilivu mwingi, hata mwaka 1982 wakatangaza kwamba ni aina ya pekee, wakampa jina la Ruwet. Kisha kimya. Kwa muda wa miaka karibu 50 hakuna mtaalamu aliyeandika kwamba amemwona tena, mpaka mwaka 2009 ilipotangazwa kwamba angali yupo. Wavuvi, nadhani, hawakujua hata siku moja kwamba ndege wao amepotea!

Basi, ziwa zuri hivi lina ugonjwa gani? Tutazame upande wa magharibi. Huko ndiko Likasi, mji ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, na kando yake viwanda vya Shituru, ambavyo vimekuwa vikisafisha shaba kwa njia ya asidi na umeme tangu mwaka 1929. Kazi ya namna hiyo huacha mabaki mengi. Jiwe husagwa, shaba hutolewa, na sehemu kubwa iliyobaki ni unga wenye asidi, ambamo bado mna shaba kidogo, na kobalti, na zinki, na risasi, na kadimi. Kwa miaka mingi sana mabaki hayo yalishuka katika vijito, na vijito vikayapeleka mto Panda, na Panda ukayapeleka Lufira. Lufira nao huingia ziwani. Angalieni neno hili, maana ni la ajabu: boma lilijengwa ili lipatie viwanda umeme, na ziwa lililozaliwa na boma hilo ndilo lililopokea uchafu wa viwanda vile vile. Sidhani kwamba mtu yeyote alilikusudia. Lakini ndivyo lilivyo.

Sasa nieleze kazi ya kinamasi, kwa kuwa watoto wengi huambiwa kwamba kinamasi ni mahali pa mbu na homa tu, pasipofaa kitu. Maji ya mto yaendayo mbio hubeba mchanga na udongo. Yakiingia katika matete, mashina elfu na elfu huyazuia, mwendo wake hufa, na mzigo wake hushuka chini. Madini ya sumu hupenda kushikamana na chembe za udongo na majani yaliyooza. Chembe zikishuka, madini hushuka pamoja nazo. Tena, ndani ya tope lisilopata hewa huishi vidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hubadili shaba iliyoyeyuka ikawa unga mweusi usioyeyuka. Kwa hiyo maji yanayotoka upande wa pili huwa safi kuliko yale yaliyoingia, na hakuna mtu aliyelipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Wenzetu wa Uganda wamewahi kujaribu kuihesabu kazi ya namna hii kwa fedha. Mjini Kampala kuna kinamasi kiitwacho Nakivubo, ambacho hupokea maji machafu ya mji kabla hayajaingia katika ziwa Victoria, karibu na pale mji unapochota maji yake ya kunywa. Mwaka 1999 wachunguzi walikadiria kwamba huduma ya kinamasi hicho ina thamani ya dola kati ya milioni 1 na milioni 1.75 kila mwaka. Walakini tusichanganye mambo mawili. Uchafu wa choo huoza, na ukiisha kuoza umekwisha. Shaba haiozi. Kadimi haiozi. Kinamasi cha Tshangalele hakiangamizi madini, chayazika tu. Tope likikauka kwa sababu maji yamepungua, au likipinduliwa, au asidi mpya ikiingia, kilichozikwa chaweza kufufuka.

Katika Kapolowe-Mission mzee mmoja, aliyekuwa akishona wavu wake mbele ya nyumba, aliniuliza swali ambalo wataalamu wangeweza kuandika vitabu juu yake.

– Mwalimu, watu wa Chuo Kikuu huja hapa, huchukua samaki, huchukua tope, huenda. Wewe uliyesoma, utuambie: samaki huyu analiwa, au haliwi?

Nilimjibu: – Mzee wangu, neno la mwisho ni la madaktari. Lakini yajulikanayo nitakuambia.

Nanyi wasomaji nawaambia yale yale. Wachunguzi walikuta katika samaki wa ziwa hili shaba na kobalti na madini mengine, na katika wengine kiasi kilichopita mipaka iliyowekwa kwa chakula cha watu. Katika mwili wa samaki, madini haya hukusanyika hasa katika ini, matumbo na mashavu yapumuayo, kuliko katika nyama. Kwa hiyo samaki mkubwa aliyepasuliwa vizuri, matumbo na mashavu yake yakatupwa, ana hatari ndogo kuliko dagaa wakavu waliwao wazima pamoja na bukari. Kufanya hivyo hakuondoi sumu yote, lakini hupunguza, na hakuna gharama. Mzee alinisikiliza, kisha akasema kwamba wadogo ndio walio rahisi sokoni, na maskini hula wadogo. Sikuwa na la kumjibu.

Tena samaki si njia ya pekee. Mwaka 2009 waganga na wachunguzi wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza uchunguzi uliofanyika katika Katanga kwa watu 351. Walipima mkojo wao, wakaulinganisha na ule wa watu wakaao kilomita 400 mbali na migodi. Wale waishio karibu na migodi na viwanda walikuwa na madini mengi zaidi mwilini, na watoto walizidi wakubwa kwa kobalti. Kiasi hicho cha kobalti kilikuwa kikubwa kuliko chote kilichokwisha kuandikwa popote duniani kwa watu wa kawaida. Mtoto hucheza chini, hutia vidole kinywani, hula vumbi. Akina mama waoshao lengalenga na matembele kwa maji safi, na wawaoshao watoto mikono kabla ya chakula, hufanya kazi kubwa kuliko wanavyodhani.

Hatari ya kuchelewa tumeiona kwa jirani. Tarehe 18 Februari mwaka 2025, huko Chambishi katika Zambia, boma lililozuia mabaki yenye asidi ya mgodi mmoja wa shaba lilibomoka. Asidi ikaingia katika kijito Mwambashi, na kutoka hapo katika mto Kafue. Samaki wakaelea wamekufa, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Serikali ililazimika kumwaga chokaa mtoni, hata kwa ndege, ili kuivunja nguvu asidi. Chokaa hiyo hiyo, ikitiwa katika mabirika ya kiwandani kabla maji hayajatoka, hufanya madini yagande na kushuka. Na huko kiwandani hakuna haja ya ndege.

Sheria hazikosekani kwetu. Lufira ilitambuliwa na UNESCO mwaka 1982 kuwa hifadhi ya viumbe na makazi yao. Congo iliingia mwaka 1996 katika mapatano ya Ramsar, yaliyofanywa Iran mwaka 1971 kwa ajili ya nchi za majimaji, na mwaka 2017 bonde la Lufira, zaidi ya hektari milioni 4, likaandikwa katika orodha yake. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, yamlazimu mwenye mgodi kuonyesha jinsi atakavyolinda maji na ardhi. Nani atakayepima maji ya Panda kila mwezi, na kuyabandika matokeo mahali ambapo mvuvi aweza kuyasoma? Hilo ndilo ningependa kuliona kabla ya orodha nyingine yoyote.

Wengine husema: tope lote lenye sumu na lichimbwe, litolewe. Mimi siafiki. Kulichimba ni kulipindua, na kulipindua ni kuiamsha sumu iliyolala. Heri kulifunika kwa maji yasiyopungua mno na kwa matete yasiyochomwa. Kila kiangazi moto huwashwa kandokando ya ziwa, wengine watafuta panya, wengine watafuta shamba lenye unyevu. Hilo shamba la ukingoni lazaa vizuri, sikatai; lakini mizizi ya mihindi haishiki tope kama ishikavyo mizizi ya mafunjo. Huko juu, miti ya miombo ikatwapo kwa ajili ya makala, mvua huchukua udongo na kuujaza ziwani, ambalo tangu mwanzo halina kina. Nayo nyavu zenye matundu madogo, na zaidi vyandarua vya mbu, huzoa hata watoto wa samaki. Wavuvi wenyewe walinitajia hayo kwanza, kabla hawajataja kiwanda.

Kutoka Mwadingusha maji hayakomi. Yakiisha kuzungusha mashine, hufanya kazi tena katika mtambo wa Koni, huruka maporomoko ya Kiubo, na mwisho huingia bonde la Upemba, ambako Lufira wakutana na Lualaba karibu na ziwa Kisale. Huko nako kuna mafunjo, na mitumbwi, na watu waishio kwa samaki. Hawajapata kuiona Likasi, wengi wao. Mwenye kusoma gazeti hili huko Kisale na atuandikie maji yao yana rangi gani mvua za kwanza zinaponyesha.